Wadogo zangu mafundi, someni alama kabla ya namba

Jumanne saa nne asubuhi kapasita (vile vikopo vinavyotunza chaji) zimepasuka tena hapa kibandani kwangu Tandika. Mbili kwa mpigo: pa! pa! Mama wa chapati wa jirani akaacha chapati ikaungua, bodaboda wawili waliokuwa wanasubiri abiria wakawasha pikipiki wakahama kijiwe, na humu ndani kukajaa moshi mweupe wenye ile harufu mnayoijua, ya dagaa walionyeshewa na mvua. Vipande vya karatasi ya fedha vikawa vinaelea hewani kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa.

Kijana wangu wa field, yaani mafunzo ya vitendo (nimemwahidi simtaji jina), alikuwa anajaribu kompyuta ya mtumba iliyoshushwa kwenye kontena kutoka Marekani. Nyuma ya pawa saplai, kile kiboksi kinachoipa kompyuta umeme, kuna kile kiswichi chekundu cha kusukuma kwa bisibisi, upande mmoja kimeandikwa 115, upande wa pili 230. Hakukiangalia. Moshi ulipopungua akatoka chini ya meza, nywele zimejaa karatasi, akasema kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: "Bosi, TANESCO wameleta umeme mkubwa."

Nikachomeka mita kwenye soketi. Volti 228.

Ningemgombeza, lakini maneno hayo hayo niliyatamka mimi mwaka 2006 mbele ya fundi aliyenilea kazini, nikiwa chini ya meza nyingine, Kariakoo. Kwa hiyo nimeona niandike. Sifundishi mkondo geu na mambo ya ubaoni, hayo mmeyasoma na mitihani mmefaulu kunishinda mimi. Haya ni makosa ya AC (mkondo geu, unaokwenda na kurudi, kama wa soketi) na DC (unaokwenda upande mmoja tu, kama wa betri), yanayorudi kila mwaka na kila kundi jipya la vijana, yana msimu kama maembe.

1. Alama kwanza, namba baadaye.

Adapta ina namba na ina alama. Namba mnaisoma wote, alama haina msomaji. Mstari mnyoofu wenye vijistari vitatu chini yake ni DC. Kiwimbi ni AC. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla hujauliza ni volti ngapi.

Wiki mbili zilizopita mteja ameleta ruta isiyo na adapta. Kijana akaingia kwenye boksi la adapta (kila fundi analo, limejaa nyaya zilizoviringana kama nyoka wenye baridi), akapata ya volti 9, na ruta nayo imeandikwa 9, plagi ikaingia, akawasha. Ruta ikawasha taa zote kwa pamoja kama harusi, kisha kimya. Adapta ile ilikuwa ya kifaa cha mwangwi cha kwaya. Inatoa volti 9 za AC kwa sababu kifaa chenyewe kina dioda zake ndani za kuupokea na kuunyoosha. Ruta haikuwa na mtu wa kumpokea mgeni anayekuja kinyumenyume.

"Lakini bosi, plagi iliingia."

Iliingia! Hata mguu wa kushoto unaingia kwenye kiatu cha kulia, waulizeni watoto wa chekechea.

Halafu kuna lile duara dogo lenye jumlisha na kutoa, linalosema chanya iko katikati ya plagi au pembeni. Lisomeni nalo.

2. Ile 230 ina kichwa kirefu kuliko inavyoandikwa.

Mnajua kwamba 230 ni thamani ya kazi, na kwamba kilele chake ni mara 1.414, yaani 325. Nimewauliza mara ngapi, mmejibu vizuri. Kisha mnachukua transfoma ya 12, mnafunga briji (dioda nne za kuigeuza AC kuwa DC), mnaweka kapasita ya volti 16. "Kumi na mbili ni ndogo kuliko kumi na sita, bosi." Transfoma ya 12 isiyo na mzigo hutoa 13, hata 14. Kilele cha 13 ni 18 na ushee. Toa 1.4 inayoliwa na dioda mbili za briji, umebaki na 17. Kapasita ya 16 hapo imekaa inasubiri mwenye nyumba alale. Weka ya 25, na ukiipata ya 35 weka hiyo.

Kiswichi chekundu ni hesabu hiyo hiyo. Ndani ya pawa saplai zile kuna kapasita mbili kubwa zilizofuatana, kila moja imeandikwa volti 200. Kiswichi kikiwa kwenye 230, umeme ukitoka kwenye briji zinagawana 325, kila moja inabeba 163 hivi, maisha yanaenda. Ukikisukuma kwenye 115, saketi inageuka kuwa ya kuzidisha mara mbili: kila kapasita inajazwa peke yake mpaka kilele kizima. Kwa umeme wa Marekani wa volti 120 kilele ni 170, hakuna neno. Kwa umeme wetu, kila kapasita ya 200 imepewa 325. Ndiyo maana zilipasuka mbili na si moja. Pawa saplai nyingi za siku hizi hazina kiswichi hicho, zinajipanga zenyewe, na ndiyo maana hamkijui. Kontena za mtumba zinakijua.

Kabla ya kuwasha chochote kilichofunguliwa, unga balbu ya wati 100, ile ya zamani ya waya, mfululizo na kifaa. Ikiwaka kwa nguvu na isififie, chomoa. Jumanne balbu hiyo ilikuwepo. Ilikuwa inaning'inia ukutani, safi kabisa, na buibui ameshajenga.

Na kapasita hizo kubwa zinabaki na volti mia tatu na kitu hata baada ya kuchomoa plagi. Toeni chaji kwa rizista, si kwa bisibisi. Bisibisi yangu ya kwanza ninayo bado, ina pengo mbele kama mtoto wa darasa la kwanza.

3. Kapasita ya feni.

Feni ya dari ina kapasita ya maikrofaradi 2.5 au karibu na hapo, kile kiboksi cheusi cha plastiki. Hakina chanya wala hasi, kwa sababu kinakaa kwenye AC. Kijana mwingine, wa mwaka juzi, aliona kimechoka, akakikosa dukani, akaja na kapasita ya kopo aliyoing'oa kwenye bodi ya TV: maikrofaradi 2.2, volti 450. "Volti zinazidi kabisa, bosi." Zilizidi. Ila kopo lile lina mstari wa hasi ubavuni, na umeme wa soketi unageuka mara 100 kwa kila sekunde. Feni ilizunguka. Chai hatukumaliza.

Kinyume chake pia kipo. Kuna mmoja alichukua betri ya gari akaiunga kwenye upande wa 12 wa transfoma, akitegemea upande wa pili utoke 230, awauzie watu wa Mbagala inveta ya bei nafuu. Mpango wa biashara alikuwa ameshauandika kwenye daftari. Transfoma inakula mabadiliko tu. Umeme usiobadilika ukiingia humo, koili inakuwa kipande cha waya, na betri ya gari haina huruma na kipande cha waya. Ilinuka vanishi mpaka saa kumi. Nilimwambia: umeme wa bwawa la Kidatu unafika kituo cha Ubungo kwa kilovolti 220 na wewe unaupata 230 nyumbani, yote hayo kwa sababu ni AC na transfoma zinaweza kuupandisha na kuushusha njiani, ingekuwa kazi ya betri na transfoma peke yake, shirika zima lingekuwa pale kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani. Alicheka, lakini daftari aliliweka mfukoni, sina hakika kama alikata tamaa.

4. Kuwasha ni rahisi, kazi ni kuzima.

AC inapita sifuri mara 100 kwa sekunde. Cheche inayozaliwa swichi inapoachana inapata nafasi ya kufa yenyewe. DC haipiti sifuri. Cheche yake ikishashika inakaa, inanenepa, inakuwa kama mtu anachomelea geti ndani ya swichi yako.

Chukueni ile rilei ya bluu (swichi inayovutwa na koili) mnayoipenda, iko kwenye kila mradi wenu. Someni mgongo wake: 10A 250VAC, na chini yake 10A 30VDC. Rilei ile ile, miguso ile ile, ampea zile zile. Kwa AC inaaminiwa mpaka 250, kwa DC mwisho 30. Mtengenezaji ameandika, nyie mnaisoma mstari wa juu tu kwa sababu ndio unaowapendeza. Rilei hiyo ilifungwa kwenye pampu ya sola ya kisima, paneli tatu mfululizo, zaidi ya volti 100. Ilizima mara mbili. Mara ya tatu miguso ikawa imeungana, pampu ikavuta hewa mpaka ikaungua, na mwenye kisima akanipigia mimi.

Breka ya AC kwenye paneli ni kosa hilo hilo lililokua likaoa. Nunua ya DC, na uangalie kama ina jumlisha na kutoa, kwa kuwa nyingine zina sumaku ya kuisukuma cheche upande maalumu. Ukiifunga kinyume inasukumwa pasipotakiwa.

Koili ya AC ya 24 usiipe DC ya 24, itaungua. Koili ya DC usiipe AC, itanguruma na kutetemeka. Dioda ya ulinzi inafungwa kwenye koili ya DC peke yake. Kwenye koili ya AC umepiga shoti nusu ya kila mzunguko.

5. Soketi. Hapa nitachelewa kidogo. Mwenye haraka aende namba 6.

Mwaka 2010 nilipata kazi ya sola Kigamboni ya ndani, huko ambako nguzo zilikuwa hazijafika na daraja lilikuwa bado maneno. Betri ya ampea-saa 100 niliivusha kwa pantoni nikiwa nimeikalia, kisha nikaifunga nyuma ya pikipiki kama mgonjwa. Mwenye nyumba alikuwa mzee mstaafu, yeye na mkewe, nyumba ndiyo inapigwa plasta. Paneli ya wati 80, kontrola ya ampea 10, taa nne za volti 12, redio, na TV ya inchi 15 inayokula volti 12 moja kwa moja. Kwa kuwa ukuta ulikuwa wazi, nililaza waya wa bapa wa 2.5 ndani kabisa, nikanyoosha kwa timazi. Ilikuwa kazi safi. Nilipiga picha.

Soketi za volti 12 zipo, zina umbo lake, na nilizihesabu kwenye bei aliyolipa Mzee. Kwenye karatasi niliandika kwa mkono wangu: "soketi za sola, 3." Lakini nyumbani nilikuwa na soketi tatu za kawaida, za pini tatu, zilizobaki kwenye kazi ya Temeke. Nikafunga hizo, tofauti nikala. Kiasi sikitaji, maana ni kidogo kiasi cha kuongeza aibu. Waya wa TV nikaukata, nikaufunga plagi ya pini tatu, nyekundu kwenye laivu, nyeusi kwenye nyutro, na ikapendeza kama nyumba ya Upanga. Mzee mwenyewe akasifia: "Hapa hata TANESCO wakija kesho, mimi niko tayari."

Nikacheka naye. Alikuwa ameniambia kila kitu, nami nikacheka.

Usiseme sikujua. Dhamiri ilinichoma kidogo wakati nakusanya vifaa, nikatoa maka peni nikaandika juu ya kila soketi: 12V DC. Nikaona deni limeisha. Nikapanda pikipiki.

Ikapita miaka minne. Ukuta ukapakwa rangi mara mbili, kwanza krimu, halafu kijani cha bahari. Umeme ukafika. Akaja fundi mwingine, ambaye hadi leo sijamwona uso, akakuta waya mzuri wa 2.5 umeshalala ukutani, soketi zimeshafungwa, taa ziko darini. Wewe ungefanyaje? Alishukuru Mungu. Akazikusanya nyaya zangu zote akazileta kwenye meni swichi, akaongeza soketi mbili za jikoni, akaenda zake.

Jioni LUKU ikaingizwa tokeni. Majirani wamejaa sebuleni, mkeka umetandikwa, kuna juisi ya ukwaju, na TV imechomekwa pale pale inapokaa siku zote. Mzee akapewa heshima ya kupandisha swichi.

Taa nne zikapasuka kwa pamoja. TV ikalia, kwa maneno ya Bibi, kama paka aliyekanyagwa mkia. Lakini la kuogopwa lilikuwa chumbani. Taa ya chumbani ilikuwa juu ya kitanda, chini ya taa kuna neti ya mbu, na ndani ya neti mjukuu wa miaka mitatu amelala. Plastiki ikayeyuka, tone likashuka likiwaka, neti ikashika moto. Bibi, ambaye magoti yake yalikuwa yakimsumbua hata kwenda kisimani, alifika kitandani kabla ya kila mtu, akamvuta mtoto kwa mguu. Mzee kwa bahati mkono wake ulikuwa bado haujaondoka kwenye swichi, akaishusha. Moto wa neti wakaupiga na mkeka gizani. Mtoto alibaki na alama moja mkononi, ukubwa wa punje ya mahindi.

Simu nilipigiwa saa tatu usiku. Pantoni ya kwanza ya alfajiri nilikuwemo, na njia nzima nilikuwa natunga utetezi. Fundi yule hakupima. Fundi yule hakufuatilia waya umetoka wapi. Fundi gani anaunga meni swichi waya asioujua, hata taa hakupanda kuzisoma? Na yote hayo ni kweli, hata leo nayasimamia. Nilipofika nikayatoa yote, nimesimama katikati ya sebule, sauti iko juu, mikono inacheza.

Mzee hakunijibu. Aliniashiria nimfuate ukutani, akainama juu ya soketi ya TV, akaanza kukwangua rangi kwa ukucha wa kidole gumba. Alikwangua taratibu. Kijani kikatoka, krimu ikatoka, unga wake unadondokea kwenye kanzu. Ikatokea 1. Ikatokea 2. Ikatokea V iliyokatika mguu mmoja.

"Uliandika," akasema. "Kwa hiyo ulikuwa unajua."

Sikuwa na jibu. Nilinunua TV, nikanunua taa, nikatoboa ukuta upya, nikaondoka jioni bila kudai hata nauli, na hakuna kati ya hayo aliyoniomba. Bibi alinipa chai na mihogo ya nazi, akaniuliza habari za mama yangu, na hicho ndicho kilichonimaliza. Mjukuu yuko sekondari sasa. Alama bado ipo, nimeiona Idi iliyopita.

Kwa hiyo mkinikuta nawaka kwa ajili ya plagi ya pini tatu kwenye kifaa cha volti 12, msiseme mzee kaamka vibaya. AC na DC hazikai kwenye soketi ya umbo moja. Hata kwa siku mbili. Hata "ni kwa muda tu, bosi." Na msiniambie mmeweka lebo, lebo inapakwa rangi, plagi isiyoingia haipakwi rangi.

6. Taa za bodaboda.

Pikipiki nyingi ndogo, taa ya mbele inapata AC moja kwa moja kutoka kwenye koili za magneti kule injini, haipiti kwenye betri. Ndiyo maana kwenye foleni inafifia na ukivuta mafuta inang'aa. Dereva anakuja na LED aliyoinunua Kariakoo, mnaibandika kwenye waya ule ule, inapepesa njia nzima, siku ya tatu imekufa, na anarudi hapa na wenzake watano waliovaa helmeti. Bodaboda hawaji mmoja mmoja kudai.

Chukueni umeme upande wa betri, baada ya regulata, na fyuzi muiweke. Kisha pimeni betri injini ikiwa inawaka, maana taa iliyohamia kwenye betri inakula chakula cha betri.

Kwenye gari, alternata nayo inazalisha AC, ila dioda ziko tumboni mwake. Redio ikinguruma ikipanda na kushuka pamoja na injini, shuku dioda kabla hujaanza kuuza redio mpya.

7. Mita.

Mita ikiwa kwenye DC ukaipeleka kwenye soketi yenye AC, inaweza kukusomea sifuri. Soketi inaua vile vile. Pima kwenye AC, pima kwenye DC, halafu pima kitu unachojua kina umeme uone kama mita yenyewe ni nzima. Kisha ndiyo uguse. Hapa sina utani.

Mengine harakaharaka kwa sababu mteja amefika. Mkanda wa LED wa volti 12 usiupe ile transfoma ya taa za halojeni, hata kama imeandikwa 12. Rudi namba 1. Pasi haijali AC wala DC, lakini kidhibiti joto kilichomo ndani yake kinajali sana. Rudi namba 4. Chaja iliyoandikwa 100-240 iacheni, haina kiswichi, msiitafutie. Rangi ya waya aliofunga mtu mwingine msiiamini, na huyo mtu mwingine ni pamoja na mimi. Mmeshasoma namba 5.

8. Ilikuwa ya inveta na friji, lakini kijana wa Jumanne ananiita. Ana feni ya dari ya mteja. Kapasita amepata yenyewe, kiboksi cheusi, 2.5, ameifunga mwenyewe bila kuniuliza, feni imewaka, haina mlio wala moshi. Inazunguka kinyume, inapeleka upepo darini. Anauliza kama TANESCO wamegeuza fezi.